Mega 100 ni E1 ngapi? Jibu hubadilika kulingana na mahali unapopimia

Ukigawa Mbit/s 100 kwa 2.048, kasi ya E1 (laini ya kidijitali iliyobuniwa kubeba simu 30), unapata 48.8. Vikokotoo vya mtandaoni vitakupa jibu hilo bila kukuuliza swali lolote, na kwenye karatasi halina kosa. Tatizo ni kwamba karibu hakuna kazi halisi ambayo jibu lake ni 48.8. Fundi anayepitisha ethaneti ya Mega 100 juu ya SDH (mfumo wa kusafirisha laini nyingi pamoja kwenye nyuzi za macho) atatenga nafasi za E1 46. Anayefanya kinyume chake, yaani kupitisha E1 za zamani ndani ya kiungo cha ethaneti cha Mega 100, ataingiza 40, na akichagua vibaya ukubwa wa pakiti ataishia 27. Anayehamisha simu za PBX (swichi ya simu za ofisi) kutoka E1 kwenda SIP (simu zinazopita kwa pakiti za IP) atapata nafasi ya simu zinazojaza E1 35. Na anayetaka kujua ni laini ngapi za data zenye fremu zingefikia Mega 100 atahitaji 51. Wote wamepiga hesabu sawasawa. Kinachotofautiana ni mahali ambapo kila mmoja ameweka kipimo chake.

Swali lenyewe bado lina kazi. PBX nyingi za hoteli, hospitali na ofisi bado zina kadi za E1. Redio za mikrowevu zilizoandikwa 4E1, 8E1 au 16E1 bado zinafanya kazi milimani, na vifaa vya kulinda njia kuu za umeme katika nchi nyingi vilibuniwa kuzungumza kwa kbit/s 64 au kwa E1. SEACOM ilipowashwa Julai 2009, kisha TEAMS na EASSy zikafuata, uwezo wa mikongo ya baharini ulikuwa ukinunuliwa kwa vipimo vya STM-1, ngazi ya kwanza ya SDH, na vipande vyake. Mikataba ya enzi hizo inapofika wakati wa kubadilishwa, mtu fulani lazima aseme STM-1 moja ni Mega ngapi, na jibu lake huingia kwenye malipo.

Kwanza, kilo ni 1,000

Katika mawasiliano ya simu na data, kilo ni 1,000, Mega ni 1,000,000 na Giga ni 1,000,000,000. Hakuna 1,024 popote. Ile 1,024 ni ya kumbukumbu za kompyuta, na baadhi ya programu huitumia kuonyesha ukubwa wa faili. E1 imewapotosha wengi kwa sababu kasi yake ni kbit/s 2,048, na 2,048 ni mara mbili ya 1,024. Mtu huona namba hiyo akadhani E1 ni "Mega 2 za kompyuta". Sivyo. Ni 32 mara 64, basi, na kulingana kwake na 2 mara 1,024 ni kwa bahati tu ya namba. Kwa hesabu ya mawasiliano E1 ni Mbit/s 2.048, na anayekuuzia "Mega 2" za ethaneti anakupa pungufu kwa asilimia 2.3.

Pili, laini hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la GB 1 ni biti bilioni 8. Kwenye E1 yenye fremu, ambayo data yake halisi ni Mbit/s 1.984, faili hilo litachukua sekunde 4,032, sawa na saa moja na dakika saba, kabla hata ya kuhesabu vichwa vya pakiti.

Tatu, E1 ina kasi yake kamili kila upande kwa wakati mmoja: 2.048 kwenda na 2.048 kurudi. Ethaneti za leo ziko vivyo hivyo. Usizidishe simu kwa mbili eti kwa sababu watu wawili wanaongea. Kosa hili huonekana mara nyingi kwenye makadirio ya SIP, na gharama yake ni mteja kununua mara mbili ya anachohitaji.

Kipimo kinachorahisisha kila kitu: baiti kwa mikrosekunde 125

Mfumo wote wa zamani ulijengwa juu ya simu moja. Sauti ya simu ilikatwa kwenye masafa ya Hz 300 hadi 3,400, ikapimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8. Hiyo ni kbit/s 64. Mara 8,000 kwa sekunde maana yake ni kipimo kimoja kila mikrosekunde 125, na muda huo ndio wa fremu ya E1, na ndio wa fremu za SDH hadi STM-64. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na desimali, hesabu baiti ngapi zinapita kila mikrosekunde 125. Kila baiti ni kbit/s 64.

E1 ni baiti 32. Baiti ya kwanza, inayoitwa nafasi 0, ni ya kutambua mwanzo wa fremu, yaani fungu hilo la baiti 32, na ndani yake huweza kuwa na ukaguzi wa makosa wa CRC-4. Nafasi 16 kwa kawaida hubeba ishara za kupiga na kukata simu. Zinabaki 30 za sauti. Ndiyo maana E1 moja ina kasi tatu tofauti, na zote tatu ni sahihi: baiti 32 ni Mbit/s 2.048, kasi ya waya. Baiti 31 ni 1.984, kasi ya data endapo nafasi 0 tu imetengwa. Baiti 30 ni 1.920, kasi ya sauti pale nafasi 16 inapotumika kwa ishara. Kuna pia E1 isiyo na fremu kabisa, ambayo ruta huitumia kama bomba la biti la 2.048 kamili, lakini hapo unapoteza uwezo wa kuona makosa kwa CRC-4, na pande zote mbili lazima zikubaliane. Upande mmoja ukiwa na fremu na mwingine hauna, taa inaweza kuwaka kijani huku hakuna pakiti hata moja inayopita.

Wasomaji walioko Marekani na Kanada watakutana na T1 badala ya E1. Ni baiti 24 na biti moja ya ziada kwa fremu: biti 193 mara 8,000, yaani Mbit/s 1.544, na data halisi 1.536. T1 za zamani hazina nafasi maalumu ya ishara. Huiba biti ya chini kabisa ya kila nafasi katika fremu moja kati ya sita, ndiyo maana laini za data za huko ziliuzwa kwa kbit/s 56 badala ya 64. Sauti yenyewe imeandikwa kwa kanuni nyingine ya kubana, mu badala ya A. Laini inayovuka kutoka T1 kwenda E1 bila kubadilisha kanuni hiyo itatoa sauti iliyokwaruza na kupotoka, ingawa simu yenyewe imeunganishwa na vipimo vya makosa vinaonyesha sifuri.

Sasa tumia kipimo hicho kwa Mega 100. Mbit/s 100 ni baiti 1,562.5 kila mikrosekunde 125. Gawa kwa 32 upate 48.8, gawa kwa 31 upate 50.4. Hapo ndipo 49 na 51 zinapotoka. Majibu mengine yanahitaji kuingia ndani ya mfumo.

Ngazi za PDH, kwa haraka

Kwenye PDH, mfumo wa kukusanya laini uliotangulia SDH, juu ya E1 kulikuwa na E2 ya Mbit/s 8.448, E3 ya 34.368 na E4 ya 139.264. Kila ngazi hukusanya nne za ngazi iliyo chini yake, lakini kasi haizidishwi kwa nne kamili: E1 nne ni 8.192 na E2 ni 8.448. Ile ziada ni ya fremu na ya biti za kujazia, kwa sababu kila E1 inaruhusiwa kuwa na saa yake (mapigo yanayopanga mwendo wa biti) inayotofautiana na kiwango kwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo E3 ina E1 16, simu 480. E4 ina E1 64, simu 1,920. Ukimkuta mtu anagawa 34.368 kwa 2.048 na kupata 16.8, ile 0.8 haipo. T3 ya Marekani ni 44.736 na ina T1 28, simu 672.

SDH: kwa nini STM-1 ina E1 63

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na hapa ndipo pesa zilipo. STM-1 ni fremu ya safu mlalo 9 na safu wima 270. Tisa mara 270 ni baiti 2,430 kila mikrosekunde 125, yaani Mbit/s 155.52. Mtu mwenye haraka hugawa 155.52 kwa 2.048, anapata 75.9, na anaandika kwamba STM-1 ina E1 75. Anakosea kwa 12.

Safu wima 9 za mwanzo ni za usimamizi wa mtandao na viashiria. Zinabaki 261, yaani 150.336. Safu moja zaidi ni ya kufuatilia njia, inabaki 260: baiti 2,340, Mbit/s 149.76. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kukumbuka, kwa kuwa ndiyo uwezo halisi wa STM-1 kwa data iliyokaa kwenye kontena moja kubwa, VC-4.

Lakini E1 hazimwagwi ndani ya VC-4 ovyo. Kila E1 huwekwa kwenye kontena lake, VC-12, lenye nafasi ya baiti 34 badala ya 32, ili saa yake iweze kwenda mbele au kurudi nyuma kidogo bila kumwagika. Ongeza baiti moja ya ufuatiliaji wa njia na moja ya kiashiria, zinakuwa 36, sawa na safu wima 4 za baiti 9. Kontena tatu hufanya kundi, makundi saba hufanya kundi kubwa, makundi makubwa matatu hujaza VC-4. Tatu mara saba mara tatu ni 63. Zile E1 64 za E4 hazitoshi kwenye STM-1 zikifunguliwa moja moja, ingawa E4 nzima ikiwa haijafunguliwa inaingia vizuri. Wanaohamisha PDH kwenda SDH hukumbana na E1 moja iliyokosa kiti, na ni vizuri kujua mapema ni ya nani.

Mpangilio huo wa tatu, saba, tatu una mtego mwingine. Watengenezaji wa vifaa hawakukubaliana jinsi ya kuhesabu kontena hizo kuanzia 1 hadi 63. Mmoja huhesabu kontena za kundi moja kwanza, mwingine huruka kundi hadi kundi. Kontena namba 2 kwenye kifaa cha upande mmoja inaweza kuwa namba 22 upande wa pili. E1 haitafika, wala kosa halitaonekana kwenye nyuzi. Ukiunganisha vifaa vya watengenezaji wawili, andika kila E1 kwa tarakimu zake tatu za kundi kubwa, kundi na kontena, usiandike namba moja.

Kupitisha ethaneti juu ya SDH: 46, wakati mwingine si 46

Tukitaka kupitisha ethaneti ya Mega 100 juu ya SDH, tunaunganisha kontena kadhaa za VC-12 zifanye kazi kama bomba moja. Kila kontena lina baiti 34, sawa na Mbit/s 2.176. Baiti 1,562.5 kwa 34 ni 45.96, kwa hiyo 46. Bomba la kontena 46 ni Mbit/s 100.096. Linatosha kwa sababu nafasi iliyoachwa kwa ajili ya saa ya E1 sasa inabeba data, na hiyo ndiyo sababu ya kushangaza kwamba kontena za E1 46 hubeba kile ambacho E1 49 zenyewe hazingekibeba vizuri.

Je, 45 zingetosha? Ethaneti kwenye waya hutanguliza baiti 8 za kuamsha mpokeaji na kuacha pengo la baiti 12 kati ya fremu. SDH haibebi hizo 20. Inazitupa na kuweka kichwa cha baiti 8 cha GFP, kanuni ya kufunga fremu za ethaneti ndani ya SDH. Fremu kubwa ya baiti 1,518 ilichukua 1,538 kwenye waya, na sasa inachukua 1,526. Ethaneti iliyojaa fremu kubwa itahitaji Mbit/s 99.2, na kontena 45 ni 97.92. Zinapungua kidogo. Kwa fremu ndogo za baiti 64 hitaji ni Mbit/s 85.7 tu, kwa hiyo anayepima kwa fremu ndogo peke yake atatangaza kwamba 45, hata 40, zinatosha. Atajua ukweli siku mteja atakapoanza kunakili faili.

Kuna njia ya pili: VC-3 mbili (kontena la ukubwa wa kati), kila moja 48.384, jumla 96.768. Mteja anapoteza takriban asilimia tatu ya Mega 100 zake, lakini kwenye STM-1 inabaki VC-3 moja yenye nafasi ya E1 21. Kwa kontena 46 zinabaki 17. Kama mteja aliahidiwa Mega 100 kwa maandishi, mpe 46. Kama ni kiungo chako cha ndani na unahitaji E1 nne zaidi, VC-3 mbili ni biashara nzuri, na pia kuna kontena chache zaidi za kufuatilia. Bomba la kontena 46 ambalo moja tu limeharibika husimama lote, isipokuwa LCAS, utaratibu wa kuondoa kontena bovu bila kusimamisha bomba, imewashwa pande zote mbili.

Giga 1 huhitaji VC-4 saba: saba mara 149.76 ni 1,048.32. Kwa hiyo STM-16, yenye VC-4 16, hubeba Giga mbili na kubakiwa na VC-4 mbili, yaani E1 126. Anayegawa 2,488.32 kwa 1,000 anaona Giga mbili na "karibu nusu". Nusu hiyo ni hizo VC-4 mbili, Mbit/s 299.52, na si zaidi.

Juu zaidi namba hukaribiana kiasi cha kudanganya. STM-64 ni Gbit/s 9.953 na watu huiita "Giga 10". Ethaneti ya Giga 10 ya kawaida hutuma biti 10.3125 bilioni kwa sekunde kwenye nyuzi na haiingii ndani ya STM-64. Ndiyo maana kuliwekwa aina maalumu ya ethaneti ya Giga 10 kwa ajili ya mitandao hiyo, ambayo data yake inashuka hadi Gbit/s 9.294. Moduli za macho zinaweza kufanana kabisa, na nyingi hufanya kazi kwa kasi zote mbili. Kadi inayozishika ndiyo inayoamua.

Kinyume chake: E1 ndani ya pakiti

Mtoa huduma anapozima SDH na kubaki na ethaneti, E1 za wateja hukatwakatwa na kufungwa kwenye pakiti. Njia iliyozoeleka, SAToP, huchukua biti zote za E1 bila kujali fremu. Kwa ukubwa wa kawaida wa baiti 256 kwa pakiti, E1 moja hutoa pakiti 1,000 kwa sekunde. Kila pakiti hubeba ziada: kichwa na mkia wa ethaneti baiti 18, lebo mbili za MPLS (za kuelekeza pakiti mtandaoni) baiti 8, neno la udhibiti baiti 4, na zile 20 za waya. Jumla 50. Baiti 306 mara 8 mara 1,000 ni Mbit/s 2.448. Mega 100 kwa 2.448 ni 40.8, kwa hiyo E1 40.

Mtu anayetaka kupunguza ucheleweshaji hupunguza pakiti hadi baiti 64. Sasa kila pakiti inasubiri robo ya milisekunde ijae badala ya milisekunde nzima, lakini ziada ya baiti 50 inalipwa mara 4,000 kwa sekunde. E1 moja inakula Mbit/s 3.648, na Mega 100 hubeba 27 tu. Kwa simu za kawaida milisekunde hiyo haina faida ya kusikika. Kwa vifaa vya kulinda njia za umeme, ambavyo hupima tofauti ya mkondo baina ya vituo viwili, inaweza kuwa na maana, na hapo ni afadhali kulipa. Cha muhimu zaidi kwao ni kwamba ucheleweshaji wa kwenda na kurudi ulingane.

Jambo ambalo hesabu ya Mega haionyeshi kabisa ni saa. SDH ilibeba saa pamoja na biti. Ethaneti ya kawaida haibebi. E1 inayotoka upande wa pili ikiwa na saa iliyopotoka kwa sehemu moja tu kwa milioni itapoteza au kurudia fremu nzima kila baada ya sekunde 125. Msikilizaji wa simu atasikia mlio mdogo wa "tk" na kuendelea na mazungumzo. Faksi itakatika. Mashine ya modemu itapunguza kasi au kuanza upya. Saa mbili zenye usahihi wa sehemu moja kwa bilioni mia zinaweza kwenda siku 72 bila kuruka fremu, na hiyo ndiyo sababu waendeshaji wa simu walinunua saa za gharama kubwa. Ukiona fremu zinaruka kwa muda unaolingana, kama vile kila dakika mbili bila kukosa, usitafute kebo mbovu. Tafuta nani anatoa saa, na hakikisha PBX haijawekwa kutumia saa yake yenyewe wakati mtandao unatoa yake.

Simu za SIP: mahali pa 35

Simu ya G.711 ni kbit/s 64 zile zile, lakini sasa inasafirishwa kwa pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Vichwa vya IP, UDP na RTP huongeza 40: kbit/s 80. Ethaneti huongeza 18: kbit/s 87.2. Baiti 20 za waya zikihesabiwa: 95.2. Kiungo cha Mega 100 kikijaa, kinabeba simu 1,050, sawa na E1 35 zenye chaneli 30. Ukiweka lebo ya VLAN (ya kutenganisha mitandao kwenye kiungo kimoja), kila simu inakuwa 96.8, simu 1,033, E1 34. Hizo ni namba za ukingoni. Hakuna anayejaza kiungo cha sauti hadi kikomo akitegemea sauti iendelee kuwa safi.

Kwa E1 moja basi, anayehama na kuomba "Mega 2 za SIP kwa sababu E1 ilikuwa Mega 2" atashangaa. Chaneli 30 za G.711 zinataka Mbit/s 2.856 kila upande, hesabu 3 na kitu kidogo cha ishara. Kwa G.729, kanuni inayobana sauti zaidi, sauti hushuka hadi kbit/s 8, lakini simu haishuki mara nane: pakiti yake ina baiti 20 za sauti na 78 za vichwa na waya, kbit/s 39.2. Unabana sauti mara nane na kuokoa chini ya asilimia 60. Ikiwa kiungo ni nyuzi za macho, akiba hiyo haifidii uharibifu wa sauti.

Na kabla ya kuhesabu chaneli, uliza kama zote zilikuwa zinatumika. E1 yenye chaneli 30, kwa kukubali kwamba simu moja kwa mia igonge mwamba, hubeba mzigo wa Erlang 20.3, yaani wastani wa simu 20.3 zinazoendelea kwa wakati mmoja. E1 mbili pamoja hubeba 46.9, zaidi ya mara mbili, kwa kuwa kundi kubwa hupoteza nafasi chache. Kampuni yenye E1 tatu za matawi matatu zikikusanywa mahali pamoja huenda isihitaji simu 90 kwa wakati mmoja.

Laini za data: kwa nini kasi ya kivinjari haifanani na mkataba

E1 yenye fremu ni 1.984. Pakiti ya baiti 1,500 hubeba 1,460 za data ya TCP, na PPP, itifaki ya kufungia pakiti kwenye laini, huongeza takriban 8. Kwa hiyo faili litapita kwa Mbit/s 1.92 hivi, yaani kama KB 240 kwa sekunde. Ethaneti ya Mega 100 hutoa 94.9 kwa hesabu hiyo hiyo, au 94.1 kompyuta zikiweka alama za muda kwenye TCP. Ukiona 94 kwenye kipimo cha kasi, laini ni nzima.

Kwenye setilaiti kuna kikomo kingine. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu huleta kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 0.6. TCP ya zamani ilituma baiti 65,535 kisha ikasubiri jibu: biti 524,280 kwa sekunde 0.6 ni Mbit/s 0.87. Muunganisho mmoja haukuweza kujaza hata nusu ya E1. Ofisi zilizolipia E1 kamili kupitia setilaiti kabla ya mikongo kufika mara nyingi ziliona faili moja likipakuliwa kwa kasi ndogo kuliko nusu, bila mtu yeyote kuwaibia. Mkongo ulipofika, namba ya Mbit/s ikiwa ile ile, kasi ya faili moja ilipanda.

Sasa mfano wa kuhama. Tawi lina E1 nne zilizounganishwa, jumla Mbit/s 7.936. Unataka kuagiza ethaneti isiyopungua hapo. Kwa pakiti kubwa za baiti 1,500, trafiki hiyo kwenye waya wa ethaneti ni Mbit/s 8.1. Kwa pakiti ndogo za G.729 za baiti 60, zile E1 nne zilibeba pakiti 14,588 kwa sekunde. Kwenye ethaneti pakiti hizo zinahitaji Mbit/s 9.1 kama kidhibiti cha kasi cha mtoa huduma kinahesabu fremu bila pengo, au 11.4 kama kinahesabu kila kitu kilichoko kwenye waya. Anayeagiza Mega 8 atapita jaribio la kupakua faili na kushindwa saa nne asubuhi simu zikianza. Uliza kidhibiti kinahesabu nini, na jibu liandikwe kwenye mkataba kwa baiti: fremu pamoja na mkia wake, au fremu pamoja na baiti 20.

Kabla ya kulaumu hesabu, angalia waya. E1 ya ohm 120 hutumia plagi inayofanana na ya ethaneti, lakini jozi zake ziko kwenye pini 1 na 2, kisha 4 na 5. Ethaneti ya Mega 100 hutumia 1 na 2, kisha 3 na 6. Kebo ya ethaneti iliyonyooka yenye jozi zote nne itafanya kazi kwa E1, ila upande mmoja ukitakiwa kugeuzwa, kebo ya kugeuza ya ethaneti haisaidii. Na E1 ya ohm 75 yenye plagi mbili za koaksi haiungwi moja kwa moja na ya ohm 120. Inahitaji kigeuzi katikati, la sivyo sehemu ya ishara inarudi ilikotoka na makosa yanaongezeka kadiri kebo inavyorefuka.

Wakati wa kupokea laini, E1 hupimwa kwa mfululizo wa biti za 2 kwa kipeo cha 15 kutoa 1, kwa saa 24 ikiwezekana, ukiangalia idadi ya fremu zilizoruka pamoja na makosa ya biti. Ethaneti iliyochukua nafasi yake hupimwa kwa fremu za baiti 64, 128, 256, 512, 1,024, 1,280 na 1,518, kila ukubwa peke yake. Namba ya kuandika kwenye hati ya makabidhiano ni ile ya ukubwa unaokaribiana na trafiki ya mteja. Ripoti yenye mstari mmoja wa baiti 1,518 irudishwe kwa aliyeiandika.